Saraka au injini ya kutafuta? Anza na aina ya swali ulilonalo

Ukiandika neno Jinja peke yake kwenye Google huku VPN, yaani programu inayoficha mahali ulipo, ikiwa imewashwa kwenye simu yako, unaweza kuletewa vitu visivyo na uhusiano wowote na mji ulio kwenye chanzo cha Nile: programu ya violezo inayotumiwa na wanaotengeneza tovuti kwa Python, au mahekalu ya Kishinto ya Japani. Ukiandika Lira, mji wa kaskazini mwa Uganda, unaletewa bei ya sarafu ya Uturuki. Watu wengi Uganda waliweka VPN wakati wa kodi ya mitandao ya kijamii ya mwaka 2018, wengine Facebook ilipofungwa Januari 2021, na baadhi hawajaiondoa hadi leo. VPN ikionyesha kwamba uko Uholanzi, injini ya kutafuta inakuhudumia kama mkazi wa Uholanzi. Izime kwanza, au uandike mji, nchi na kitu chenyewe kwa pamoja.

Hata ukiizima, tatizo la msingi linabaki pale pale. Injini ya kutafuta inalinganisha maneno yako na maneno yaliyomo kwenye kurasa, kisha inakisia ulichokusudia. Haijui kama kampuni iliyo juu ya matokeo ina leseni, kama chuo kinatambuliwa, wala kama sheria uliyoletewa bado inatumika. Kazi hiyo ni ya saraka, yaani orodha iliyotayarishwa na watu, ikapangwa kwa mafungu, na ambayo kuna kigezo cha kuingia humo. Wanaolalamika kwamba intaneti imewadanganya, mara nyingi walimpelekea mmoja swali lililomhusu mwenzake.

Tuanze na injini. Google, Bing na nyinginezo zina roboti, yaani programu zinazotembea kutoka kiungo hadi kiungo zikisoma kurasa. Kilichosomwa kinawekwa kwenye faharasa kubwa. Unapoandika swali, injini haiendi kwenye intaneti wakati huo. Inapekua faharasa yake na kuzipanga kurasa kwa vigezo vingi: maneno yanavyolingana, viungo vinavyoelekea kwenye ukurasa, lugha, mahali ulipo, upya wa habari. Hapo pana mianya mitatu. Ukurasa ambao hakuna anayeuunganisha unaweza usifikiwe kabisa. Mwenye tovuti anaweza kuzikataza roboti kwa faili inayoitwa robots.txt. Wa tatu ndio unaotusumbua zaidi: hifadhidata inayokutaka ujaze jina kwenye kisanduku ndipo ikupe jibu, roboti kwa kawaida haiijazi. Kwa hiyo jina linaweza kuwemo kwenye daftari la serikali na Google isilionyeshe popote.

Saraka ilitangulia. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, alianzisha orodha ya tovuti kwa mafungu ya masomo mwaka 1991. Yahoo ilianza mwaka 1994 kama orodha ya wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo. Mwaka 1998 ikaja DMOZ, saraka iliyohaririwa na watu wa kujitolea. Mwaka huo huo Google ikaundwa, na wavuti ukakua kuliko mikono ya wahariri. Yahoo ilifunga saraka yake mwishoni mwa 2014, na DMOZ ikafungwa Machi 2017. Tangu hapo imezoeleka kusema kwamba saraka zimekufa. Kilichokufa ni saraka ya kila kitu. Saraka za jambo moja, zinazosimamiwa na mwenye wajibu wa kisheria au na jumuiya ya wataalamu, ziko hai, na kwa Mganda zina uzito kuliko wakati wowote, kwa sababu matapeli nao wamejifunza kupanda juu kwenye matokeo ya kutafuta.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, jiulize unataka nini. Kuna swali la aina hii: jambo hili limesemwa wapi? Namna ya kuwakinga kuku dhidi ya kideri, matokeo ya mechi, maana ya ujumbe wa kosa kwenye kompyuta, anayeuza vipuri vya pampu Mbale. Hilo ni la injini. Na kuna swali la aina nyingine: nani yumo, nani hayumo? Kampuni ipi imeruhusiwa, dawa ipi imesajiliwa, sheria ipi inatumika. Hilo ni la saraka, na sababu yake ni moja tu. Kwenye injini, kukosekana kwa jina hakukuambii lolote. Kwenye orodha kamili ya mwenye mamlaka, kukosekana kwa jina ni jibu.

Chukua kazi za Uarabuni, ambako kosa hugharimu zaidi ya fedha. Ukitafuta kwa injini kampuni za kupeleka wafanyakazi Dubai au Riyadh, utaletewa kurasa za Facebook, video na matangazo yaliyolipiwa. Tangazo lina alama yake ndogo juu ya kichwa, lakini kwenye kioo cha simu alama hiyo hupita machoni bila kuonekana. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuthibitishia leseni. Uganda, leseni ya kupeleka wafanyakazi nje inatolewa na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na wizara ina mfumo wake uitwao EEMIS pamoja na orodha ya kampuni zilizopewa leseni. Ifungue orodha hiyo, tafuta jina lote la kampuni kama lilivyosajiliwa, kisha utazame mambo mawili: tarehe ya mwisho ya leseni, na kama jina linafanana herufi kwa herufi na lililo kwenye karatasi uliyopewa. Wadanganyifu hupenda kuazima jina la kampuni halali na kuongeza neno moja, au kubadilisha namba ya simu tu. Basi namba ya kupiga ichukue kwenye orodha, usiichukue kwenye tangazo. Na mtu akikuonyesha cheti cha uanachama wa chama cha mawakala, kumbuka kwamba uanachama si leseni.

Elimu ya juu ni vivyo hivyo, ila ina mtego wake. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2001, linaidhinisha chuo, na pia linaidhinisha kila programu ya masomo peke yake. Mzazi anaona jina la chuo kwenye orodha, anatulia, analipa ada. Kumbe shahada ile anayoisomea mtoto haimo, au muda wake wa idhini umepita. Tafuta orodha ya programu, si ya vyuo tu, na utazame ngazi: stashahada ya somo fulani kuidhinishwa hakumaanishi shahada ya somo hilo hilo imeidhinishwa.

Kwenye fedha, Benki Kuu ya Uganda inazipanga taasisi inazozisimamia kwa madaraja: benki za biashara ni daraja la kwanza, taasisi za mikopo daraja la pili, na taasisi ndogo za fedha zinazopokea amana daraja la tatu. Daraja hilo lina maana kwa mfuko wako. Amana iliyo kwenye taasisi ya madaraja hayo matatu inalindwa na Mfuko wa Ulinzi wa Amana hadi shilingi milioni 10 kwa mteja. Fedha uliyompa mtu asiyemo haina ulinzi huo. Wakopeshaji wa kawaida wako chini ya sheria nyingine, ya mwaka 2016, nayo pia inawataka wawe na leseni. Programu ya mikopo kuwepo kwenye duka la programu la simu hakuthibitishi kwamba mwenye nayo ana leseni hiyo.

Dawa zimo kwenye daftari la Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Humo tafuta kwa jina la kiungo chenyewe cha dawa kuliko jina la kibiashara, kisha ulinganishe nguvu ya dawa na mtengenezaji.

Sheria zinastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu injini imewapotosha wengi hapa bila mtu yeyote kukusudia. Toleo jipya la Sheria za Uganda lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na namba za sura zikabadilika. Sheria ya Ardhi, iliyojulikana kwa miaka mingi kama sura ya 227, sasa ni sura ya 236. Vifungu navyo vimepangwa upya. Injini inapenda kurasa zilizounganishwa sana, na kurasa zilizounganishwa sana ni zile za zamani, maana zilikuwa na miaka mingi ya kutajwa. Anayeandika barua ya mgogoro wa kiwanja kwa kutegemea tokeo la kwanza anaweza kunukuu kifungu ambacho namba yake ya leo inahusu jambo tofauti kabisa. Nenda moja kwa moja kwenye ULII, saraka ya bure ya sheria na hukumu za Uganda. Humo hukumu zimepangwa kwa mahakama na mwaka, na kila moja ina alama yake: UGSC ni Mahakama ya Juu, UGCA ni Mahakama ya Rufani, UGCC ni Mahakama ya Katiba. Ukishaipata alama kamili, mathalani mwaka kwenye mabano ya mraba ukifuatiwa na UGSC na namba, hapo ndipo injini inakuwa chombo kizuri: iweke ndani ya alama za kunukuu na utaona nani mwingine ameijadili hukumu hiyo.

Kwa wanafunzi na watafiti, saraka mbili ni za lazima. AJOL, iliyoanzishwa mwaka 1998 na ambayo sasa ina makao Afrika Kusini, imekusanya majarida ya kitaaluma ya Afrika. DOAJ, iliyoanzishwa Lund, Sweden, mwaka 2003, inaorodhesha majarida ya kusoma bure yaliyopita mchujo. Jarida linalokuahidi kuchapisha makala yako ndani ya siku chache kwa malipo, na halimo kwenye orodha yoyote yenye mchujo, lichunguze sana kabla hujalipa.

Nimezisifu saraka, lakini nazo zina magonjwa yao, na asiyeyajua atapotea kwa njia nyingine.

La kwanza ni uzee. Orodha nyingi za taasisi za Uganda hupandishwa kama faili ya PDF, na faili ya mwaka juzi haifutwi mpya inapokuja. Injini inaweza kukufungulia ile ya zamani. Tazama tarehe ndani ya waraka wenyewe, juu au chini ya ukurasa wa kwanza, si tarehe iliyo kando ya tokeo la Google. La pili ni skani. Waraka uliopigwa muhuri na kuskaniwa ni picha; ukitumia kitufe cha kutafuta ndani ya ukurasa kitasema jina halipo, hata kama lipo mbele ya macho yako. Jaribu kwanza kutafuta neno unaloliona kwa macho, kama Kampala. Lisipopatikana, ujue ni picha, na utalazimika kusoma mstari kwa mstari. Faili za namna hii pia ni nzito, na bando la intaneti lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, hivyo ipakue mara moja na uihifadhi badala ya kuifungua upya kila siku.

La tatu ni majina. Duka la Kikuubo, mtaa wa biashara Kampala, linaweza kujulikana kwa jina moja kwenye kibao na kusajiliwa kwa lingine. Kabla hujasema kwamba kampuni haimo, omba jina lililo kwenye cheti cha usajili, kisha uliulize kwa Ofisi ya Usajili ya Uganda, URSB. Na kusajiliwa URSB kunathibitisha tu kwamba kampuni ipo. Hakuipi ruhusa ya kukopesha, kufundisha wala kupeleka watu nje.

La nne ni kuhama kwa ofisi. Serikali imekuwa ikiyarudisha mashirika kadhaa ndani ya wizara. Mamlaka ya Kahawa, UCDA, iliingizwa Wizara ya Kilimo mwishoni mwa 2024. Tovuti ikihamishwa, viungo vya zamani hufa. Bandika anwani iliyokufa kwenye web.archive.org, ambako nakala za kurasa za zamani zimehifadhiwa, uone orodha ilikuwaje. Kisha uitafute iliyo hai kwenye wizara iliyorithi kazi.

Mwisho kuna saraka za biashara zinazouza nafasi. Kila anayelipa anaingia, na namba za simu huachwa humo miaka na miaka. Hizo zitumie kupata fununu tu. Ramani za Google ziko karibu na kundi hili: ni saraka iliyofichwa ndani ya injini. Zahanati inaonekana humo kwa sababu mwenyewe au mpita njia ameiandika, na nyota zake hazisemi lolote kuhusu leseni.

Sasa namna ya kuviunganisha viwili hivi, maana kazi nzuri hufanywa kwa vyote. Tumia injini kuipata saraka, tumia saraka kupata jina sahihi, kisha rudi kwenye injini na jina hilo.

Hatua ya kwanza inategemea kuibana injini isitangetange. Andika site:go.ug kabla ya maneno yako, bila nafasi baada ya nukta mbili, na utaletewa tovuti za serikali ya Uganda tu. Kwa vyuo ni site:ac.ug. Ongeza filetype:pdf ukitaka nyaraka. Mfano: site:go.ug filetype:pdf licensed money lenders. Maneno yanayopaswa kufuatana yaweke ndani ya alama za kunukuu. Neno usilolitaka litangulize na alama ya kutoa iliyogusana nalo: Lira -Turkey -currency. Ukitaka kilichochapishwa baada ya toleo jipya la sheria, ongeza after:2024-07-01. Tarehe hiyo injini huikisia, basi usiifanye ushahidi.

Utaona mfano wa wakopeshaji umeandikwa kwa Kiingereza. Ndivyo inavyobidi, kwa kuwa ofisi za serikali yetu bado zinaandika nyaraka zao kwa Kiingereza. Ukiuliza kwa Kiswahili, injini itakupeleka Tanzania au Kenya, kwenye maandishi mengi zaidi. Andika kitambulisho cha taifa na utaangukia NIDA, ambayo ni ya Tanzania. Ya Uganda ni NIRA. Maelezo ya NIDA yameandikwa kwa Kiswahili safi kinachoeleweka, na hapo ndipo hatari ilipo, maana fomu, ada na ofisi si zetu. Kwa hiyo kwa taratibu za serikali tumia jina rasmi la Kiingereza pamoja na site:go.ug. Kiswahili kitumie pale maarifa yanapovuka mipaka: kilimo, afya, dini, historia, lugha yenyewe.

Na unapotafuta kwa Kiswahili, ujue kwamba injini huenda isitambue kwamba mkopo, mikopo, mkopeshaji na wakopeshaji ni ndugu. Unganisha maumbo kwa OR ya herufi kubwa: mkopeshaji OR wakopeshaji OR mikopo. Wikipedia ya Kiswahili ina njia nyingine: chini ya kila makala kuna mafungu yaitwayo Jamii, na ukibofya fungu unaona makala zote za fungu hilo hata kama hukujua zinaitwaje. Hilo ndilo jambo ambalo saraka hulifanya na injini haiwezi. Asiyejua jina la kitu hana neno la kuandika kwenye kisanduku, lakini anaweza kukitambua akikiona kwenye orodha.

Hatua ya mwisho, ya kurudi kwenye injini na jina sahihi, watu huiruka, na ndiyo inayofichua mengi. Orodha inakuambia kampuni imeruhusiwa. Haikuambii kama wateja wake wamelia. Weka jina kamili ndani ya alama za kunukuu, ongeza neno moja moja: court, suspended, complaint. Tazama pia magazeti yenye uhariri na hukumu za mahakama kabla ya kuamini maoni ya Facebook, ambayo mshindani anaweza kuyanunua.

Siku hizi juu ya matokeo huja muhtasari ulioandikwa na akili unde. Unasaidia kwa swali la maelezo. Kwa swali la nani yumo, uruke. Muhtasari huo huchanganya orodha ya zamani na mpya katika sentensi moja nzuri, na anayesoma hana njia ya kuona mshono. Ukiutumia, fungua kiungo kilichotajwa na utafute sentensi yenyewe.

Ikitokea saraka na injini zinapingana, mathalani kampuni ina tovuti nzuri na ofisi Kampala lakini haimo kwenye orodha, usilipe siku hiyo. Piga picha ya ukurasa wa orodha pamoja na tarehe yake, piga simu kwa ofisi inayotoa leseni kwa namba iliyo kwenye tovuti ya go.ug, na uulize maswali matatu: je, orodha hii ndiyo ya karibuni, je, kuna nyongeza ambayo bado haijapandishwa, na je, jina hili limewahi kuwemo likaondolewa? Andika siku ya simu na jina la ofisa aliyekujibu.